Fimbo ya Kuvunjia

Watu wa Runzewe wana midomo. Tangu Jumapili ile tulipowafunga wavuvi wa Nkome, nimesikia mengi kuhusu fimbo yangu ya puli. Mmoja anasema niliagiziwa kutoka Afrika Kusini. Mwingine anaapa kabisa kwamba nililala kwa mganga, nikachanjwa mkono, na fimbo nayo ikachanjwa. Jana tu jamaa mmoja kanivuta pembeni pale stendi, ananong'ona, "Kaka Kalisti, nielekeze basi kwa huyo mzee wako." Nikamwambia, "Si mzee, ni mama. Anaitwa Asteria, yuko Ushirombo, na ukimwendea na habari za waganga utarudi huku umevimba miguu." Akacheka, akadhani namficha. Ndiyo maana leo nasema yote, ili anayetaka kunisifia ajue shukrani azipeleke kwa nani.

Fimbo ile ilichaguliwa na mama yangu mzazi. Hajawahi kucheza puli, haipendi puli, na alinichapa utoto mzima kwa ajili ya hiyo hiyo puli.

Na ninaposema kunichapa, msifikirie makofi. Nilipokuwa shule ya msingi, meza ya kwanza ya puli ilikuja pale senta ya kijijini kwetu, ikawekwa chini ya bati karibu na mashine ya kusaga. Nikawa nikitumwa na mbuzi, mbuzi wanajichunga wenyewe, mimi niko kwenye meza. Mama akipata habari hapigi kelele. Anazunguka nyuma ya jiko, anakata kifimbo cha mkole, chembamba, anakipukutisha majani huku anatembea. Halafu anakipunga hewani mara mbili, fyuu, fyuu, anasikiliza. Kisha ndiyo anaita jina langu. "Kalisti!" Mara moja tu, hairudii. Hadi leo, mwanamke yeyote akiniita vile, miguu yangu inakaza yenyewe.

"Mchezo wa wahuni," alikuwa akisema. Nilipokua, nikaenda machimboni, akaacha kuchapa. Kusema hakuacha.

Mwaka juzi mkanda wa karasha ulinishika. Karasha ndiyo ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu yakawa unga, na mimi nilikuwa nikiilisha mawe. Mkanda ukadaka mkono wa koti, ukauvuta na mkono wangu wa kulia ukiwa ndani. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, kuna watu watakuwa wanakula. Mkono ulivunjika vibaya, nikapelekwa Mwanza, wakaweka chuma ndani, na nikalala hospitali hadi nikawajua wauguzi wote kwa majina ya watoto wao.

Mke wangu Justina alikuwa ametoka kujifungua, hakuweza kuja. Aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda changu ni mama. Aliniosha. Alinikandakanda vidole kwa mafuta, kimoja kimoja, vidole ambavyo sikuvisikia kabisa. Alinilisha, mimi mtu na ndevu zangu, mbele ya wanaume wengine kumi wodini. Nilinuna kila siku. Yeye anakata tonge, analichovya, analeta mdomoni, anasema, "Fungua mdomo, baba. Utanuna ukishashiba."

Niliporudi Runzewe sikuweza tena kazi ya mawe. Nikafungua kibanda cha kuchaji simu. Kinanilisha, simnung'unikii Mungu. Lakini mtu akija na simu yake ananiangalia mkono kwanza, ndipo ananisalimia. "Pole sana, kaka." Pole ya nini tena, jamani, mwaka umeisha! Na nikishapita nyuma nasikia, "Ndiye yule wa karasha." Jina langu likawa hilo. Nilikuwa nasikia watu wakinizungumzia kama marehemu: Kalisti alikuwa fundi, Kalisti alikuwa na nguvu.

Mahali pamoja tu sikuwa yule wa karasha, napo ni kwenye meza ya puli, bandani pale baa. Pale ukikosea wanakutukana vizuri bila kukuonea huruma, ukipatia wanasaga meno kwa husuda. Nilijifunza upya taratibu. Mipira ya karibu naingiza, ya kona naingiza, ya kugonga ukuta kwanza naingiza. Kilichonishinda ni kuvunja.

Kwa asiyejua, kuvunja ndio mwanzo wa mchezo. Mipira imepangwa pembetatu, imebanana. Unaupiga mpira mweupe kutoka mbali, unakwenda kuisambaratisha meza nzima. Hapo ndipo panatakiwa mkono, na mkono ndio niliokuwa sina. Nilikuwa napiga, mpira mweupe unakwenda, unagusa, na ile mingine inasogea kidogo kama watu wanaompisha mgonjwa kwenye benchi.

Nestory, muuza nyama pale sokoni, ndiye kapteni wetu. Siku moja nilivunja namna hiyo, akaitazama meza, akanitazama mimi. "Kalisti," akasema, "hapo hujavunja. Umebisha hodi." Banda zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Nilipofika nyumbani sikula.

Halafu ikaja habari kwamba wavuvi wa Nkome wanakuja kucheza nasi hapa hapa Runzewe, na atakayeshinda ndiye anakwenda kwenye mashindano Geita mjini. Nestory akaja kibandani kwangu. Hakuwa na simu ya kuchaji. Alisimama anakunakuna kisogo.

"Kaka, timu ni watu watano," akasema. "Wewe ni wa tano. Lakini usipoweza kuvunja, nitamweka Chacha."

Chacha anapakia magunia kwenye malori. Mikono yake ukiiona unasalimia. Akivunja, mipira mingine inaruka nje ya meza, watu wanaitafuta chini ya viti. Baada ya kuvunja hajui afanye nini, lakini kuvunja anavunja.

Nilimtolea Nestory maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alipoondoka nikakaa. Hasira yenyewe haikuwa juu yake hata kidogo. Niliogopa. Nikitolewa pale mezani, nitabaki yule wa karasha peke yake, na nina miaka thelathini na minne, nina safari ndefu ya kuwa yule wa karasha.

Nikaanza kuomba ushauri. Wote, wote kabisa, wakasema neno moja: tafuta fimbo ya kuvunjia peke yake, na iwe nzito. Si unajua tena watu wetu wa machimboni. Kuanzia asubuhi mtu yuko na nyundo na mtaimbo anapiga mwamba, utamwambia nini kuhusu kuvunja? "Mkono umepungua nguvu, basi uzito uwe kwenye fimbo," ndivyo walivyosema, na niliona wana akili. Nestory alinipa fimbo moja nene ya pale bandani nifanyie majaribio. Bega likaniuma usiku kucha. Nikasema si kitu, nitazoea. Nikaweka nia: nitanunua nzito kuliko zote.

Ikawa bahati kwamba wiki ile mama alikuwa anakwenda Shinyanga, Ibadakuli, kwa mdogo wake Mariana, ambaye mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara. Nikamsindikiza. Nilisema namsindikiza, lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba mjini Shinyanga kuna duka la vifaa vya michezo lenye fimbo za kila aina.

Asubuhi ya pili baada ya sherehe nilikuwa uani kwa mama mdogo Mariana, nikampigia Nestory simu. Kumbe mama yuko nyuma ya mlango na ungo, anapepeta mchele. Aliyoyasikia ni haya: "Mwambie Chacha asifurahi mapema! Leo naingia mjini, nanunua fimbo ya kuvunjia, nzito kuliko zote. Ataona mwenyewe! Atakaa pembeni!"

Ungo ukatua chini. Nikageuka, mama amesimama.

"Unakwenda mjini?"

"Ndiyo, mama. Mara moja tu."

"Twende wote."

"Kufanya nini?"

"Nina haja zangu."

Njia nzima alikuwa na rozari mkononi, midomo inatembea. Mimi nikajua anamshukuru Mungu kwa kipaimara. Nikaona hata vizuri, mama ametulia.

Tukafika dukani. Mwenye duka anaitwa Festo, mtu mpole, mwenye miwani. Nyuma ya duka ameweka meza moja ya puli ili mteja ajaribu, na ukutani fimbo zimesimama zimepangana. Festo akamsalimia mama kwanza, kama anavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye, mama. Yuko Maswa."

"Basi kwa heshima ya mama yako aliye Maswa, nakuomba, usimuuzie huyu fimbo."

Festo akanitazama. Mimi nikamtazama mama. "Mama! Una nini?"

Hapo ndipo alipolia. Mama yangu, mbele za watu! "Mkono umepona juzi tu," akasema, "juzi tu, Kalisti, na wewe unataka kuupeleka ukamvunje mtoto wa mwenzio miguu. Huyo Chacha amekukosea nini? Ana mama naye! Nilikukandakanda vidole hivyo ili ukavunjie watu?"

Haki ya Mungu, sikujua nicheke au nilie naye. Festo alijishika tumbo, akaenda kuinama nyuma ya kaunta. Nikamshika mama mkono, nikampeleka kwenye meza, nikapanga mipira, nikamwonyesha. Hii hapa ndiyo inavunjwa, mama. Chacha ni mchezaji mwenzangu. Fimbo ya kuvunjia ni ya kuanzia mchezo.

Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kwa hiyo Chacha haguswi?"

"Haguswi."

"Na hii mipira ndiyo inavunjika?"

"Haivunjiki, mama. Inatawanyika."

"Sasa kama inatawanyika kwa nini mnasema kuvunja? Mnatisha watu bure!" Akavuta kiti, akakaa, amekunja uso. "Puli," akasema. "Kumbe bado ni puli ile ile."

Nikaona yaishe. Nikamgeukia Festo, na kwa vile nilikuwa na aibu nikapandisha sauti. "Nipe fimbo ya kuvunjia. Nzito kuliko zote." Akafungua mdomo aseme kitu. "Kaka, sijaja kwa ushauri, ushauri nimeuacha Runzewe umejaa gunia. Nzito!" Akaniletea.

Fimbo ilikuwa nzito kweli. Ina mchoro wa joka limejizungusha kutoka chini mpaka katikati, linang'aa. Niliipenda kwa macho. Nikainama mezani, nikavuta mkono nyuma, na pale nyuma, kabla hata sijapiga, mkono ukaanza kutetemeka. Nikakaza meno. Nikapiga. Mipira ikasogea, ikasimama. Hodi, tena. Maumivu yakapanda kutoka kwenye kiwiko mpaka shingoni, lakini sikuonyesha uso wowote. Nikasema, "Nzuri. Naichukua hii."

"Weka chini," akasema mama.

"Mama, hii kazi huijui."

"Puli siijui. Huo mkono naujua." Alikuwa ameshasimama. "Chini ya huo mkono nimelala mimi. Ukitetemeka hata ukiwa chini ya blanketi najua. Weka chini hilo gogo. Na tena lina joka, halilali nyumba yenye sanamu ya Bikira Maria."

Nikaiweka. Nimezoea kubishana na watu wengi, ila si huyo.

Akamwendea Festo. "Zote zile ni fimbo?"

"Zote, mama."

"Nipishe."

Jamani, nimeona mengi. Mama alisogea ukutani, kandambili zake miguuni, akachomoa fimbo ya kwanza, akaishika kwa kule kwenye mshikio, akaipunga hewani. Fuuu. Akairudisha. "Hii imelala." Akachukua ya pili. Akaipunga mara mbili, akainamisha sikio. "Hii inanguruma tu, haina kitu." Festo alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, anazikinga taa zake zisipasuliwe. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua jezi alikuja kusimama mlangoni. Mama hakumwona mtu. Ya nne, ya tano. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mtu mzima, na kila akipunga nilikuwa naruka kidogo. Mwili unakumbuka, wallah, mwili hauna adabu.

Akafika kwenye moja ya kahawia, kavu, haina hata maua. Nyepesi, imesimama kule mwisho kabisa. Akaipunga.

Fyuu, fyuu.

Ngozi ya miguu yangu ikasisimka mpaka magotini. Mama akaishusha, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Hii itauma," akasema.

"Mama, hiyo ni nyepesi! Ya kuvunjia lazima iwe nzito, kila mtu anajua."

"Kalisti. Nilipokuwa nakuchapa, niliwahi kukuchapa kwa gogo?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikata kile chembamba. Kwa nini? Gogo linanichosha mimi, na linakuja polepole, wewe umeshakimbia. Chembamba kinakuja kabla hujajua. Kilikuwa hakikuumi?"

"Kiliuma, mama."

"Basi."

Festo akavua miwani, akaifuta. "Kaka, kusema kweli mama yuko sawa," akasema. "Ya kuvunjia inataka mwendo kuliko uzito. Na hiyo aliyoshika, nchani imewekewa kitu kigumu, si ngozi laini kama hizi za kuchezea. Nilitaka kukwambia, ila hukunipa nafasi."

"Sasa nimempa nafasi mimi," mama akasema. "Jaribu."

Nikajaribu. Kwanza ilikataa, nilikuwa nimezoea kukaza. Mama akaja nyuma yangu, akanigonga kiwiko kwa kidole. "Unaishika kama umeshika mbuzi anayetoroka. Legeza. Mkono unakuja umelegea, unakaza pale mwisho tu, ukishafika. Ukikaza mapema unajichosha mwenyewe." Alikuwa ananifundisha kuchapa! Mtu aliyenichapa ili niache puli, amesimama ndani ya duka la puli, ananifundisha kuchapa.

Nikalegeza. Nikapiga. Duka zima likasikia. Mipira ilikimbia kila mmoja na njia yake, mmoja ukaingia kona ya mbali, na bega langu halikuniuma. Yule mteja wa jezi akapiga makofi. Nilisimama naitazama meza. Mama yeye alikuwa ameshageukia bei, anamwambia Festo kwamba fimbo isiyo na hata ua moja haiwezi kuuzwa sawa na ile yenye joka.

Sasa ile Jumapili.

Wavuvi wa Nkome walikuja wengi, wachangamfu, wametuletea hata dagaa zawadi, halafu wakaanza kutufunga bila huruma. Banda letu lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye makreti. Chacha alikuwa amekaa pembeni kama mchezaji wa akiba. Baada ya misa akaingia Justina, mke wangu, amebeba mtoto, akaninong'oneza, "Mama yuko nje."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Ameshuka sasa hivi kutoka Ushirombo. Amesema ndani ya baa haingii, atakaa pale dirishani. Anamuulizia Chacha."

Nikachungulia. Mama yuko kwenye kiti cha plastiki nje ya dirisha la nondo, na kitenge chake cha akina mama wa parokia, na amemwita Chacha, na Chacha ameinama kama mtoto anapokea mfuko. Ulikuwa umejaa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. "Chukua, baba," nilimsikia anasema. "Nilikufikiria vibaya. Si wewe niliyekufikiria vibaya, ni huyu wangu. Lakini chukua." Chacha hakuelewa hata moja, akashukuru, akarudi ndani anatafuna.

Mechi ikaenda, wao wanapata, sisi tunapata. Ikafika sawa kwa sawa, umebaki mchezo mmoja, wa mtu wa tano. Na zamu ya kuvunja ni yetu. Ni yangu.

Nestory akaja karibu. Alinitazama mkono, akamtazama Chacha, akanitazama tena. "Sema ukweli, kaka. Bado naweza kubadilisha."

"Navunja," nikasema. Lakini nilisema kwa mdomo. Nilipochukua ile fimbo ya kahawia nikasikia mtu wa Nkome anamuuliza mwenzake, "Ndiye yule wa karasha?" na mkono ukapoa. Ukawa si wangu. Nikainama, nikauvuta nyuma, na pale nyuma, mahali pale pale, ukaanza. Watu waliuona ukitetemeka. Banda likanyamaza, na mnajua Runzewe, hatunyamazi bure. Nikakaza. Nikajua nimekaza, nikajua ni makosa, nikashindwa kulegeza.

"Kalisti!"

Mara moja tu. Kutoka dirishani.

Sikufikiri. Mwili wangu wote ulilegea kwa woga na papo hapo ukakaza, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa mtoto, na mkono ukaenda. Fimbo ikalia. Sijawahi kusikia mipira ikipasuka vile. Miwili ikazama hapo hapo, mingine ikazagaa meza nzima, na mpira mweupe ukarudi ukatulia katikati kana kwamba nimeuita.

Banda likalipuka. Chacha alirusha matobolwa juu. Nestory alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anazunguka. "Leo hujabisha hodi!" anapiga kelele. "Leo umevunja mlango! Kalisti amevunja mlango!"

Kalisti, akasema. Nilisikia vizuri. Banda zima lilikuwa linasema Kalisti.

Mingine niliimaliza kwa raha, mmoja baada ya mwingine, na mpira mweusi ulipozama nilikuwa sijaona hata uso wa mpinzani wangu. Wavuvi wakanipa mikono, waungwana wale. Watu wakataka kuninyanyua. Nikajichomoa, nikatoka nje na fimbo yangu.

Mama alikuwa bado amekaa, rozari mapajani. Hakusimama. "Lete mkono," akasema.

Nikachuchumaa, nikampa. Akapandisha shati, akaanza kubonyeza kovu kutoka kwenye kifundo kwenda juu, taratibu, vile vile alivyokuwa akifanya na mafuta hospitalini.

"Hapa unauma?"

"Hauumi, mayu."

"Hapa?"

"Hauumi."

Akaushikilia kwa mikono yake miwili. Ndani walikuwa wanaimba. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku ile ya kwanza Mwanza, daktari aliniambia nijiandae, huenda wakaukata. Wewe ulikuwa hujitambui. Nikaenda chooni, sikuwa na mahali pengine, nikamwambia Mungu, mwachie mkono wake. Nikaona kama hanijibu. Nikafikiri, labda anataka niache kitu. Nikamwambia, sitamchagulia cha kufanya nao. Mwachie tu. Hata aende nao puli."

Sikuwahi kujua. Karibu miaka miwili, na hakuwahi kutamka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumshukuru, nilikuwa nayo tangu Shinyanga, mazuri, ya mtu mzima, ya fimbo, na tonge, na mkeka. Yote yakapotea. Nililia pale chini, kwenye vumbi, mbele ya dirisha lililojaa vichwa, na sikuona aibu. Nikasema asante tu, kwa lugha ya nyumbani.

"Wabeja, mayu."

"Usiniambie mimi," akasema, naye macho yamelowa. Akanishushia shati, akalifunga kifungo cha mkononi. "Haya, inuka, umechafua suruali ya Jumapili. Rudi ndani, wenzako wanakuita."

Nikainuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena, safari hii polepole.

"Na huko Geita," akasema, "ulegeze mwenyewe. Mimi siwezi kuwa napiga kelele madirishani kila Jumapili."